Foleni ya Nusu Bei

Bwana Nusu alileta habari ya foleni mezani, wakati wa chakula cha jioni, kabla hajakaa vizuri kwenye kiti.

"Mnunuzi anakuja kesho kutwa asubuhi," alisema. "Anataka kuliona duka likiwa na watu. Basi tutampa watu."

Mkewe aliweka kijiko chini. Binti yao, aliyekuwa amerudi kwao kupumzika baada ya kujifungua, alikuwa ananyonyesha upande wa pili wa meza, sikio moja kwa baba yake na jingine kwa mtoto. Hakuona jinsi uso wa mama yake ulivyobadilika. Angeona, asingetania.

"Watu utawatoa wapi, baba? Duka lenyewe siku hizi hata nzi wanaingia kwa aibu."

"Watu ni sisi. Keshia ataleta dada zake na majirani zake. Na wewe utakuja na mtoto, umbebe mgongoni. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akisimama kwenye foleni, hakuna asiyeamini. Watu watasema huyu hakuacha kazi zake nyumbani aje kupanga mstari bure."

Alisema hivyo kwa furaha, kama mtu aliyeokota ufunguo wake uliopotea. Jina lake halisi lilikuwa limesahaulika hata ukweni. Aliitwa Bwana Nusu kwa ajili ya maduka yake, Nusu Bei, na wakati maduka yalikuwa tisa jina hilo lilimfungulia milango. Sasa duka lilikuwa limebaki moja, na mtu akimwita Bwana Nusu hujui anamheshimu au anampima.

Nguo za Nusu Bei hazikuwa mitumba, na ole wako umwambie hivyo. Zilikuwa mpya. Kiwanda kikishona mashati mengi kuliko yaliyoagizwa, au duka kubwa likikataa mzigo kwa kuwa rangi imepitwa na msimu, Bwana Nusu alikuwa tayari mlangoni na gari la kukodi. Wenye kiwanda walikuwa na sharti moja tu, jina lao lisionekane. Kwa hiyo mkewe alikaa sebuleni na mkasi, akikata lebo shingoni mwa kila nguo, mpaka kidole gumba kikaota sugu. Nguo mpya, haina jina, nusu ya bei. Watu wakapita wakaangalia, wakaenda zao. Chema chajiuza, wanasema wasiowahi kufungua duka. Nguo nzuri ikiuzwa rahisi, mtu huanza kuitafuta tundu.

Ndipo Bwana Nusu alipogundua kwamba watu hawafuati nguo, wanafuata watu. Akamsimamisha mkewe nje ya mlango asubuhi na kikapu. Nyuma yake akasimama dada mmoja aliyetaka kujua kuna nini, na nyuma ya huyo wengine. Mke aliingia, akanunua blauzi, akatoka akiisifu, akazunguka mpaka mlango wa nyuma, akairudisha, akabadilisha kitambaa cha kichwa, akarudi kupanga mstari. Sheria ilikuwa moja: kwenye foleni hatujuani. "Karibu dada, sura yako ngeni," mume alikuwa akisema. "Nimesikia tu huku mnauza vizuri," mke akijibu. Kuna mteja mmoja aliwahi kumvuta mke pembeni akamwonya kwamba mwenye duka ana macho ya juujuu, ajihadhari. Walicheka habari hiyo wiki nzima. Zilikuwa siku za raha kwao, na si haki kusema vingine.

"Mtoto hatasimama kwenye foleni," mke alisema sasa.

"Ni kidogo tu. Na kuna kivuli."

"Ulisema hivyohivyo."

"Alisema lini?" binti akauliza.

Baba yake alichukua glasi ya maji, akaiangalia, akairudisha mezani bila kunywa.

"Nyumba hii iko rehani," alisema taratibu. "Mnunuzi akilichukua duka pamoja na wafanyakazi wake, benki inalipwa, na mimi na mama yako tunabaki hapa. Asipolichukua, tunatoka. Siwaombi mambo makubwa. Nawaomba msimame."

*

Asubuhi binti alimkuta mama yake uani, anafua nguo za mjukuu ambazo hazikuwa chafu.

Kufika uani ilibidi apite ukumbini, na ukumbini ndiko yalikokaa masanamu. Kila duka lilipofungwa, Bwana Nusu aliuza rafu, akauza kaunta, akauza mpaka vioo vya vyumba vya kujaribia nguo, lakini masanamu ya kuvalisha nguo aliyaleta nyumbani. Alisema yatahitajika. Yalisimama pande mbili za ukumbi, mengine hayana vichwa, mengine yana suti. Mkewe alizoea kupita kiubavu. Binti usiku wa kwanza aliomba radhi baada ya kumgonga mmoja, akidhani ni baba yake.

Yote yalikuwa ya watu wazima. Nusu Bei haikuwahi kuuza nguo za watoto, na jambo hilo lilimshangaza kila mtu aliyejua biashara. Mhasibu alimwambia Bwana Nusu. Keshia alimwambia. Wateja waliuliza mpaka wakachoka. Yeye alisema nafasi haitoshi, hata alipokuwa na duka la ghorofa mbili. Biashara ilipokua, mabaki ya viwandani nayo hayakutosha, akaanza kuagiza nguo zilizoshonwa hafifu makusudi, zenye kibandiko cha bei mbili: ya zamani imekatwa kwa wino mwekundu, na nusu yake chini. Nguo hizo hazikuwahi kuuzwa kwa bei hiyo ya zamani hata siku moja. Wateja si wajinga. Shati likifuliwa mara mbili likapanda kitovuni, mtu hukumbuka kwamba rahisi ni ghali. Halafu watu wakaanza kununua kwa simu. Halafu mshindani akafungua mtaa wa pili, ukuta mzima nguo za watoto, na akina mama wakahamia huko na pochi zao. Maduka yakaanza kufungwa, moja baada ya jingine.

"Mama," binti alisema, "jana baba alisema nini ambacho aliwahi kusema?"

Mama alikamua fulana ndogo, akaikung'uta. "Kaka yako unajua alikufaje?"

"Homa."

"Homa ilikuwepo. Mlaze mtoto kwenye kapu kwanza."

Binti alimlaza mtoto, akakaa kwenye ngazi.

"Tulikuwa tunafungua duka la tatu," mama alisema. "Tangu asubuhi mtoto alikuwa wa moto. Nikamwambia baba yako leo siendi. Akasema mzunguko mmoja tu, kuna kivuli. Nikambeba mgongoni, nikaenda. Mzunguko mmoja ukawa miwili, maana watu walikuwa wanakuja, na mimi mwenyewe niliona raha, sikudanganyi. Niko katikati ya mstari, nikasikia mgongo wangu unatikisika. Nikamgeuza mbele. Macho yamepanda juu."

Alitundika fulana kwenye kamba.

"Baba yako yuko mlangoni, amevaa koti jipya, anacheka na watu. Nikamwita. Nikasema, mume wangu, mtoto. Akaniangalia, akasema, subiri zamu yako, dada, leo kila mwanamke hapa ananiita mume. Watu wakacheka. Mama mmoja nyuma yangu akasema na yeye atajaribu kumwita hivyo labda atapunguziwa. Nikaita tena. Akanipungia mkono. Nikatoka kwenye mstari nikakimbia. Mtoto aliniishia njiani, sijafika hospitali."

Binti alikuwa ameshika mdomo.

"Jioni alirudi anaimba," mama alisema. "Siku hiyo waliuza mpaka henga za kutundikia nguo zikabaki tupu. Nilimsikia anaimba tangu kona."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia mtoto amefariki. Ya foleni sikusema. Na yeye hakusema."

"Miaka yote hii?"

"Tulikuwa na maduka ya kufungua."

Mtoto kwenye kapu alipiga chafya, wote wawili wakageuka haraka, kisha wakaona aibu kwa haraka yao.

"Kwa nini hukuondoka?" binti aliuliza. Hakukusudia kuuliza hivyo, lakini lilikuwa limeshatoka.

"Niende wapi? Kwa watu ambao hata hawakumjua mwanangu? Na tena hakujua, baba yako. Ndiyo sheria yetu, kwenye foleni hatujuani. Alidhani nimebuni kichekesho kipya. Nimejiambia hivyo kila siku niliyoamka kwenye nyumba hii: hakujua. Mtu huwezi kumlaumu kwa kitu asichokijua."

Aliinama kuchukua nguo nyingine kwenye beseni, akakuta zimekwisha, akaendelea kuinama.

*

Bwana Nusu alikuwa ukumbini anachagua masanamu ya kurudisha dukani ili dirisha lijae. Alikuwa amesikia sauti uani, si maneno. Hakuhitaji maneno. Kuna mambo aliyoyafanya katika maduka yake ambayo hakuwahi kumweleza mtu sababu yake, na nguo za watoto ni moja tu. Jingine ni kwamba hakuna mfanyakazi aliyeruhusiwa kumwambia mteja asubiri zamu yake. Walifundishwa kusema, "Samahani, tunakuja kwako." Msichana mmoja wa kaunta alifukuzwa kwa kusahau. Wateja waliona ni adabu nzuri, na gazeti moja liliwahi kuwasifu kwa hilo.

Mkewe alikuja akipita kiubavu, akasimama mbele yake, katikati ya wale wasio na vichwa.

"Nitasimama mimi," alisema. "Binti na mtoto hapana. Mimi nitasimama."

Bwana Nusu alipumua mpaka mabega yakashuka. "Ahsante, mama. Nilijua hutaniacha."

"Ila nitakuita."

"Utaniita vipi?"

"Kama nilivyokuita siku ile. Mnunuzi akiwa pale pale."

Bwana Nusu alikuwa ameshika mkono wa sanamu, ule unaochomolewa begani. Ukachomoka, akabaki nao.

"Ukifanya hivyo atajua foleni ni ya uongo," alisema.

"Najua."

"Tutapoteza nyumba."

"Najua hilo pia. Nataka kusikia utanijibu nini. Ukinijibu vilevile, ukafanya mzaha, sitakulaumu. Duka utauza, nyumba itabaki yako, na mimi nitaenda kukaa kwa binti yetu. Ukijibu vingine nitabaki na wewe, hata kama ni kwenye chumba cha kupanga."

"Vingine vipi?"

"Sijui," alisema mkewe. "Sijawahi kusikia."

Bwana Nusu alijaribu kurudisha mkono wa sanamu mahali pake, ukakataa. "Unanipeleka mahakamani, mke wangu."

"Mahakamani wangekuhoji. Mimi nakuita tu."

Akageuka akaenda jikoni. Alikuwa na hofu kubwa kuliko mumewe, na hilo Bwana Nusu hakulijua. Mume alihofia kupoteza nyumba. Mke alihofia kwamba kesho atasikia jibu lile lile, na ile "hakujua" aliyoishi nayo haitamfaa tena, kwa kuwa safari hii mumewe atakuwa anajua.

*

Siku ya mnunuzi keshia alifanya kazi yake vizuri kupita kiasi. Alileta dada zake, mawifi, na jirani mmoja mwenye mdomo aliyekuwa anauliza kwa sauti kama zile suruali zimebaki. Wapita njia wakaona mstari, wakapunguza mwendo. Mmoja akauliza kuna nini, akaambiwa nusu bei, akasimama. Haikuchukua muda nusu ya foleni ilikuwa ya watu wa kweli, wenye pesa zao mkononi, na Bwana Nusu alipowaona kutoka mlangoni moyo wake ulimruka kama zamani. Kwa muda mfupi aliamini kwamba haya yote yalikuwa yanawezekana bila uongo, na labda kweli yaliwezekana.

Mnunuzi alikuwa mama wa makamo, mwenye maduka yake sehemu nyingine, viatu vya chini na faili kwapani. Alipita ndani akavuta mishono, akasoma vibandiko vya bei, akatabasamu alipoona ile bei ya zamani. Lilikuwa tabasamu la mtu wa kazi hiyo hiyo.

"Eneo zuri," alisema walipotoka kusimama mlangoni. "Watu wapo. Kitu kimoja sielewi. Nguo za watoto mbona hamkuwahi kuweka? Hapo ndipo ulipoangukia, bwana, nakwambia kama dada yako."

"Haikutokea tu," alisema Bwana Nusu.

"Mimi nitaanza nazo. Ukuta ule wote." Alifungua faili, akaliegemeza kwenye mkono. "Sina la zaidi. Wafanyakazi nitabaki nao. Tukaingie ofisini tumalize."

Binti alikuwa ng'ambo ya barabara na mtoto kifuani. Alikataa kuingia kwenye mstari, lakini kukaa nyumbani na masanamu kulimshinda pia. Kutoka alipokuwa alimwona mama yake katikati ya foleni, kitambaa cha buluu kichwani, mgongoni hana kitu, mikono ameikunja kifuani. Alionekana mdogo kuliko watu wote pale.

"Mume wangu," mama aliita.

Hakupaza sauti. Mtu mmoja alicheka puani. Keshia, aliyekuwa anajua ni nani anaita na amekatazwa kujua, aliinamia risiti zake.

Mnunuzi aligeuka. "Huyu anasemaje?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Bwana Nusu. Lilikuwa limekaa pale tangu siku ile, pamoja na kicheko chake. Angelisema, mnunuzi angecheka, mstari mzima ungecheka, wangeingia ofisini, na jioni angelala kwenye nyumba yake mwenyewe. Hata mkewe alikuwa amemwambia hatalaumiwa. Aliufungua mdomo.

"Mume wangu," mkewe alisema tena. "Mtoto."

Bwana Nusu alishuka kizingiti. Hakumuaga mnunuzi, hakusema samahani. Alitembea kandokando ya mstari, akiwapita dada zake keshia waliogeuza nyuso kwa sheria, akiwapita wateja wa kweli waliodhani anakuja kumfukuza mwanamke mwenye fujo. Alipofika mbele ya mkewe alinyoosha mikono yote miwili, viganja juu.

"Mlete," alisema. "Mlete mimi nimbebe."

Mkewe aliitazama mikono hiyo. "Ana homa tangu asubuhi."

"Najua. Nilikusikia."

"Umenisikia sasa."

"Nilikusikia hata siku ile." Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa hayafuti. "Mara ya kwanza nilidhani unatania. Mara ya pili nilijua. Niliona uso wako. Watu walikuwa wengi mno, mstari ulikuwa umefika kona, nikasema moyoni, akiniita tena nitakwenda. Hukuita tena."

Kule mlangoni mnunuzi alimuuliza keshia yule ni nani, na keshia, aliyekuwa amechoka kutojua, akasema ni mke wake. Mnunuzi akaangalia mstari kutoka mwanzo mpaka mwisho, sura moja baada ya nyingine, kisha akafunga faili.

Mke alisimama bila kusogea. Alitaka jibu jingine na amelipata, na lilikuwa la kweli, na alijua hakuna mwanamume aliyewahi kumpa mkewe ukweli kwa gharama kubwa kuliko hiyo. Lakini lilikuwa limemchukulia kitu kimoja, ile "hakujua", alichokuwa akikilalia na kuamkia, na bila hicho hakuona namna ya kurudi kwenye kitanda kile, hata kama kingehamishiwa chumba cha kupanga.

Hakuisukuma mikono ya mumewe, wala hakuishika. Alitoka kwenye mstari, akavuka barabara. Binti alimtazama usoni, akampa mtoto.

"Twende," mama alisema.

"Nyumbani?"

"Kwako."

Bwana Nusu alibaki pale alipokuwa amesimama mkewe, mikono bado mbele. Nyuma yake mstari ulikuwa unarefuka, kwa sababu mlango ulikuwa wazi na watu waliofika mwisho hawakuona kitu. Mama mmoja mwenye kikapu, aliyesikia tu kwamba huku wanauza vizuri, alimgusa bega.

"Sogea, mzee," alimwambia kwa upole. "Wenzako wanakwenda."

Naye akasogea.